Mwalimu Geuka na Mkono wa Kulia

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mwalimu Geuka anastaafu baada ya kufundisha chekechea kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake halisi lipo ofisini. Humu ndani hakuna anayelikumbuka, na hata yeye ukimwita kwa jina hilo haitiki.

Kazi yake, ukiondoa kufuta makamasi, ilikuwa kuwafundisha watoto kulia na kushoto. Msicheke, jaribuni. Siku ya kwanza aliwaambia wanyooshe mkono wa kulia. Mmoja akajibu kwamba wake haulii, umenyamaza. Mwingine akadhani ni amri, akaangua kilio, na darasa zima likamfuata. Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani kuna nyoka.

Baadaye akagundua kwamba akisimama mbele yao, kulia kwake ni kushoto kwao. Basi akawa ananyoosha mkono wa kushoto huku akitamka kulia. Watoto wakaelewa, ila yeye mwenyewe akaharibika. Mpaka leo ukimpakia garini akuelekeze njia, jiandae kulala porini. Dereva wa shule ameshajua dawa: akisikia kulia, anakata kushoto, na hajapotea hata mara moja.

Watoto nao aliwapa njia ya kukumbuka: mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Mambo yakaenda murua mpaka walipokuja mapacha, kaka na dada. Kwenye usaili wa darasa la kwanza, kaka alinyoosha mkono sawasawa. Dada, ambaye hula kwa kushoto, akanyoosha wa kushoto, tena kwa kujiamini kabisa. Mwalimu mkuu akaamua kaka apande, dada arudie mwaka. Watoto wale hawakuwa wamewahi kutenganishwa hata chumba cha kulala, seuze darasa. Mama yao alilia pale koridoni bila kujali nani anamtazama.

Mwalimu Geuka aliingia ofisini bila hodi, kamshika dada mkono, akampa kipande cha mkate. Dada akala, kwa kushoto. Mwalimu akasema mtoto amejibu alivyofundishwa, kwa hiyo kama ni kurudia mwaka, arudie aliyemfundisha. Mkuu akasema utaratibu ni utaratibu. Loo! Mwalimu wa watu akarudi darasani kwake, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni, akagoma kufundisha. Darasa lake likazagaa shule nzima. Kufikia mchana mkuu alikuwa amesalimu amri, na kile kiti kimevunjika.

Mwalimu wetu, asante sana. Kalale mpaka uchoke kulala. Wote tunakutakia siku nyingi, nzuri na za uvivu. Jumatatu nakabidhiwa darasa lako. Dada yule ni mimi. Niliingia darasa la kwanza na kaka yangu, tumeshikana, mkono wake wa kulia ndani ya wangu wa kushoto.