Picha Chini ya Kioo cha Fundi Saa

Fungeni huo mlango, wanangu, mkae upande huu wa dirisha ninapoweza kuwaona nyote wawili bila kugeuza shingo, na wewe mama yao usiondoke, kwa sababu haya nitayasema mara moja tu na pumzi yenyewe mnaisikia inavyokwenda kwa kusitasita. Nina neno juu ya nyumba, nina neno juu ya zana zangu, na nina neno juu ya chumba cha nyuma, na najua ni hicho chumba kilichowafanya msisalimiane vizuri tangu nilipolala kitanda hiki. Msidhani sisikii. Ukuta huu niliujenga mwenyewe, naujua unavyopitisha maneno.

Nyumba ni ya mama yenu, aishi humo anavyotaka, wala asije mtu kumhamisha kwa kisingizio cha kumsaidia. Zana zangu, yaani randa, patasi, misumeno na ule mkasi wa bati, ni zako wewe mwanangu mkubwa, ijapokuwa ulichagua lori na magurudumu ya mpira, na mimi, seremala wa mabehewa, nikanyamaza kama mzazi muungwana. Zipake mafuta zisishike kutu. Hilo limekwisha. Sasa tuje kwenye chumba cha nyuma na treni yangu ndogo iliyomo, na hapo mnivumilie, maana siwezi kusema iende kwa nani kabla sijatoa kijiba cha roho nilichonacho juu ya mtu mmoja.

Mtu huyo mnamjua, ni Fundi Saa. Mama yenu hunicheka kwamba jina lake likitajwa hata chai hainipiti, na ni kweli hainipiti. Wengi wanaoniona naitikia salamu zake wanadhani tunapendana. Tunapendana, ndiyo, lakini wivu ninaomwonea ni mkubwa kuliko huo upendo, na mtu anayeondoka hana sababu ya kupunguza maneno.

Wewe mkubwa, uliyekuwa safarini muda wote, huijui meza ya Jumamosi, basi sikiliza. Kila Jumamosi alasiri sisi wapenzi wa treni ndogo hukutana dukani kwake, kila mmoja na picha moja tu, ile anayoipenda kuliko zote alizopiga. Picha inawekwa juu ya kaunta, na mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo. Wengine wanaizunguka, wanaiinamia, wanavua miwani na kuivaa tena, halafu kila mmoja anatoa hukumu yake: ya njiani, au ya mezani. Ya njiani maana yake ni treni ya kweli, inayobeba watu na mizigo. Ya mezani maana yake ni ya kwetu, ya mbao na bati na gundi. Wapo wanaoleta picha za treni za kweli kwa makusudi, ili kutuchanganya, na hilo linaruhusiwa. Sasa ile picha ya mezani iliyowadanganya wengi ndiyo inayoingizwa chini ya kioo cha kaunta, na inakaa hapo wiki nzima, kila anayekuja kubadilisha betri ya saa anaiinamia na kuuliza ni stesheni gani hiyo.

Picha zake huingia chini ya kioo kama zina ufunguo. Yangu iliingia mara moja, Jumamosi ambayo yeye alikuwa na homa.

Na mimi treni yangu mnaijua. Hakuna upande wa chumba kile ambao reli haipiti. Nimeweka mataruma moja moja kwa koleo, nimetoboa mlima ukapitika, nimejenga stesheni zenye ofisi ndani na meza ndani ya ofisi. Mabehewa yangu yana viti ndani. Yana choo, na mlango wa choo unafunguka. Nani ameuona mlango huo? Hakuna, ila mimi niliyeukata kwa wembe na kuupiga msasa mpaka kidole kikatoka ngozi. Lakini naipeleka picha yangu, wanaitazama kwa sekunde, wananipiga begani, wananiambia, kazi nzuri sana, mzee, ya mezani. Hilo neno kazi nzuri nimelichukia, kwa sababu kumwambia mtu kazi nzuri ni kumwambia kwamba umeiona mikono yake, na aliyeiona mikono hajaiona treni.

Siku moja nikasema niende nikaione hiyo reli yake inayotutoa jasho. Nilitegemea kukuta ukumbi. Nikakuta nusu meza, wanangu, nusu meza nyuma ya pazia la duka lake, na juu yake stesheni, mti, kipande cha reli kisichofika popote. Nikazunguka nyuma ya stesheni nikakuta kadibodi tupu, yenye maandishi ya dawa ya meno. Nyumba zake hazina migongo. Injini yenyewe imepakwa rangi ubavu mmoja. Kwanza nilifurahi, sitaficha, moyo ulinipoa kama mtu aliyeshika mwizi. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, abiria akitaka kwenda nyuma ya stesheni atafanyaje?" Akanijibu huku anafuta miwani, bila hata kuona haya, "Kamera haiendi nyuma, mzee mwenzangu." Nilirudi nyumbani nikijisemea njia nzima. Mimi nimejenga kila kitu na sionekani, yeye kajenga uso tu na mji mzima unamwinamia.

Halafu miguu ikagoma, nikalala hapa, na wewe kitindamimba wangu ukaniambia, baba, nitakupelekea picha zako mezani. Nikashukuru. Nilifikiri utakwenda na kurudi kama unavyopeleka nguo ulizoshona kwa wateja wako. Kumbe ulikuwa unakwenda na kukaa. Ukawa unarudi na harufu ya mafuta ya saa kwenye vidole, na maneno mapya mdomoni. Fundi anasema kamera ishushwe. Fundi anasema mwanga uje kutoka ubavuni. Fundi anasema treni ipumzike kidogo na vumbi lake, usiifute kila siku. Mimi niliyekufundisha kushika penseli, mimi niliyekuonyesha namna ya kukata kitambaa bila kukiharibu, nalishwa uji na mwanangu huku naambiwa Fundi anasema. Roho iliniuma kuliko mgongo. Nilikuwa nikisikia kicheko chenu mnapoagana naye pale nje, natamani kuinuka nilifunge dirisha.

Basi ile Jumamosi ukaja na picha ukaniwekea juu ya shuka, kimya, ukasimama pembeni. Treni imesimama kituo kidogo, mvua imetoka kunyesha, paa linatiririka, na nyuma ya kituo kuna kamba yenye nguo ambazo mwenyewe hakuwahi kuzianua. Nikaitazama nikasikia baridi. Nikakwambia bila kufikiri, ya njiani hii, na mahali hapa ninapafahamu, nimewahi kupita nikiwa kijana. Ukaniambia polepole, "Ni ya mezani, baba." Ukaongeza kwamba imekaa chini ya kioo wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyesema ya mezani.

Nilijua ni ya Fundi Saa. Nani mwingine? Nikakuambia uiache hapo hapo, ukadhani nimeipenda. Niliiweka chini ya mto kwa chuki. Kila ulipotoka niliitoa nikaitafutia kosa, kwa sababu kila kazi ya mkono ina mahali fundi alipochoka, na mimi mahali hapo sipakosi. Nikapitia paa, nikapitia magurudumu, nikapitia madirisha. Nikafika kwenye kidato cha kupandia behewa la mwisho. Kilikuwa kimevunjika na kuungwa kwa kijiti cha meno, na nyuzi za mti wa kile kijiti zimekwenda mkato, kinyume na vidato vingine. Wanangu, kile kidato nilikiunga mimi. Nilikiunga hivyo kwa sababu vijiti virefu vilikuwa vimeniishia na nilikuwa mvivu wa kutoka.

Ilikuwa treni yangu. Kituo changu, paa langu, behewa langu lenye choo. Mvua ulinyunyiza wewe, kwa ile chupa yako ya maji ya kupigia pasi, na zile nguo za kambani umezishona kwa ukosi wa shati langu lililochakaa. Nilikuita nikakuuliza mbona hukuniambia. Ukanijibu, "Mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo, baba." Nikageukia ukutani. Mlidhani nalia kwa furaha, na mama yenu akanifunika vizuri.

Sikuwa nalia kwa furaha, nilikuwa na wivu. Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo wosia wangu ulipo. Kwa Fundi Saa nilikuwa nimeshazoea, ni kama jiwe ndani ya kiatu cha zamani. Huu ulikuwa mpya. Nilimwonea wivu mwanangu, nikawaonea wivu wenzangu wa Jumamosi, yule kinyozi na yule mwalimu mstaafu na kila aliyeinamia kaunta ile, kwa sababu wote wameiona treni yangu ikiwa treni, na mimi niliyeijenga sijaiona. Miaka yote nimeitazama nikiwa nimesimama, kutoka juu, mkono mmoja una gundi na mwingine una koleo, natafuta kilicholegea. Hata Fundi Saa kaiona kabla yangu. Hilo nitakwenda nalo nikiwa nalitafuna.

Maji kidogo, mama yao. Inatosha.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyotaka. Treni ni yako, kitindamimba, yote, pamoja na meza zake. Isikatwe vipande, wala kipande kisihamie dukani kwa mtu, hata akituma watu wa heshima kuja kuomba, na najua ameshatuma. Mkubwa, chumba kile ulitaka kuweka matairi yako, nilikusikia. Hapana, mwanangu. Ila paa lake lina mahali panavuja juu ya daraja, na dada yako hapandi ngazi, utapanda wewe, na kila unapotoka safarini utaingia mle uone pamekauka. Usinune. Nimekupa kazi ili uwe na sababu ya kufungua mlango ule, maana wewe usipokuwa na sababu hupiti kwa ndugu yako.

Na Fundi Saa, mwacheni aingie. Ndiyo, nimesema. Bila yeye mwanangu asingeshusha kamera, na wivu wangu haujawahi kunizuia kuona, ndiyo maana unauma. Aje na nusu meza yake aiunge kwenye reli yangu kama anataka, upande wa dirishani, lakini kwanza azijengee nyumba zake migongo. Zote. Kwa mbao, si kwa kadibodi. Na ninyi mzikague.

Sasa nishikeni. Mkubwa upande huu, wewe upande huu, msinivute, mimi si shuka. Nipelekeni chumba cha nyuma. Mama yenu atuletee kile kiti kifupi cha jikoni. Polepole... hapo kwenye kizingiti, inueni. Nikalisheni. Bado nipo juu. Nishusheni tena, kidevu kifike ukingoni mwa meza. Hapo. Nishikilieni mgongo, nyote wawili, na msiachilie kwa sababu ya ugomvi wenu.

Taa zimeni. Mwanga wa dirishani unatosha, wa ubavuni... ndivyo anavyosema, sivyo?

Radhi zangu mnazo. Sikuweka kinyongo na yeyote kati yenu, hata nilipokuwa nawaonea wivu. Mungu awape kazi ya kufanya kwa mikono yenu, na awape mtu wa kuinama kuitazama. Mama yenu msimwache ale peke yake. Mkikasirikiana, kasirikianeni mkiwa chumba kimoja.

Fundi Saa yuko pale nje, nimeisikia sauti yake. Mwambieni karibu. Mwambieni asubiri hapo hapo mlangoni mpaka nimalize. Hii... hii ya kwanza ni yangu.

Washa, mwanangu.

Naisikia. Iko ndani ya mlima... Kumbe inapotoka ni kubwa hivi. Na kuna mtu dirishani. Nilimweka lini yule...

Mkubwa, baba, toa mkono wako hapo. Unanizibia.