Ubongo Wangu Msiuzike

Glenda mwanangu, funga mlango upepo usiingie, na wewe Garth acha kusimama hapo kama mtu anayesubiri basi, vuta kiti ukae karibu na dada yako, nataka niwaone wote wawili wakati akili bado ipo nyumbani. Sasa hivi ipo. Asubuhi haikuwepo, najua, nilimwita Glenda kwa jina la mama yenu nikamuuliza kwa nini hajanifulia soksi za mechi, akanijibu taratibu kwamba mama alishatangulia, nami nikalia upya kana kwamba ndiyo kwanza napewa habari. Basi nisikilizeni, mimi Horace Sugden, baba yenu, nina maneno ya kuwaachia, na nikipotea katikati msinicheke, nirudisheni tu njiani.

Vitu kwanza, vitu ni rahisi. Nyumba ni yenu sawa kwa sawa, msije mkanuniana kwa ajili ya kabati. Njiwa wote ni wa Garth, maana Glenda anasema wananuka, na kweli wananuka. Bustani ya nyuma ya reli achukue Glenda, ila kabichi azipe maji jioni, si mchana jua likiwaka. Jezi ya taifa, ile niliyovaa tulipocheza na Waaustralia, mpeni Kayleigh, mjukuu wangu, binti yako Garth, kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo huu aliyerithi shingo yangu. Na yule Stan Ollerton wa kule pwani aliyenivunja pua nikiwa nimebanwa mikono kwenye skramu, ule msukumano wa raga, mwambieni nimemsamehe. Au ni mimi niliyemvunja yeye? Mmoja wetu alivunjika pua siku ile. Hebu nishike. Yangu imepinda, basi ni mimi, mwambieni nimemsamehe.

Nilikuwa nasema nini? Njiwa. Hapana, njiwa nimeshagawa. Ni kichwa, ndiyo, kichwa.

Mnajua kazi yangu ilikuwa ipi, japo mlikuwa wadogo. Wiki nzima nilikuwa chini ya ardhi nachimba makaa, Jumamosi nacheza raga ya ligi mstari wa mbele, kati ya wale wanaoupokea mpira na kukimbia nao moja kwa moja kwa watu waliokuja kuwaumiza, ukiangushwa unainuka, unaupokea tena. Wale wa pembeni wenye mbio ndio walioandikwa magazetini, sisi wa mbele tulirudi nyumbani na masikio yaliyovimba tukakatiwa nyama vipandevipande kama watoto. Niliipenda kazi ile. Msiniombolezee kwa hilo, niliipenda mno, na kama mechi ni leo niambieni nivae viatu.

Sasa mwenzangu wa kukumbatiana naye kwenye skramu alikuwa Wilf Tattersall, yule wa katikati anayeuvuta mpira kwa mguu, nyinyi mlimwita baba mdogo. Mtu akigongwa kichwa hadi macho yakamtoka maji, mzee wa ndoo, mtibu wa timu, alikuja mbio na sifongo lake akamuuliza, unaitwa nani wewe, tupo mji gani, nani anaongoza. Ukikosea unatolewa, na ukitolewa wenzako wanabaki pungufu, na hakuna aibu iliyoipita hiyo. Kwa hiyo Wilf alikuwa anainama nyuma ya mzee, eti anafunga kamba ya kiatu, ananinong'oneza: "Sema Wakefield, mjinga wewe. Sema tunaongoza." Nami nasema, namwagiwa maji baridi shingoni, narudi kazini. Yeye akigongwa, mimi ndiye nanong'ona. Kuna siku tuligongwa wote wawili kwa pamoja, akaninong'oneza kwamba tupo Leeds, nikasema Leeds, na tulikuwa uwanja wetu wenyewe, mke wangu kakaa pale jukwaani. Mzee wa ndoo akatutazama, akasema, "Mnakubaliana, basi hamjambo, chezeni." Tulilicheka jambo hilo miaka, klabuni, na bia mkononi.

Wilf alipofariki hakuwa akimjua mke wake. Wakasema ni uzee, na hakuwa mzee. Wakamzika, na hakuna aliyeangalia ndani.

Na wewe Glenda, nimekuona. Yule daktari wa kike akija kuniuliza leo siku gani, unasimama nyuma ya bega lake unachezesha midomo, Ijumaa baba, Ijumaa. Unanifanyia yaleyale ya Wilf. Unanifanyia kwa mapenzi, hata yeye alifanya kwa mapenzi. Kesho akija funga mdomo mwanangu, mwache anione nilivyo, aandike kwamba Horace hajui siku.

Kwa sababu nataka wajue, hilo ndilo neno langu, Garth, na usiangalie dirisha. Nikishakata roho, ubongo wangu wapeni wale madaktari wa chuo kikuu wanaochunguza vichwa vya wachezaji. Nilishakubali zamani, nikiwa na akili zangu. Lakini watawapigia simu nyinyi wawili, na wamesema mmoja wenu akikataa hawatagusa kitu. Glenda amekubali. Wewe Jumapili ulisema baba hakatwi kama ng'ombe, baba atalala mzima ubavuni kwa mama, ukapiga mlango ukaenda kwa njiwa wako. Sikukasirika. Niliumia, lakini sikukasirika. Uso wangu watauacha, na pua hii mtanizika nayo. Ila Kayleigh anacheza mbele kama mimi, nami simwambii aache, atakayemwambia aache nitamtandika, nataka tu awepo mtu anayeweza kumwambia, binti, kwa leo inatosha, kaa chini, na awe anajua anachokisema. Huyo mtu hawezi kujua pasipo kuangalia ndani ya vichwa kama changu. Naogopa, mwanangu. Naogopa kuzikwa kama Wilf, jibu likiwa humo humo ndani.

Mbona unalia, Wilf? Nani kakupiga, ni yule mwenye nywele nyekundu wa upande wao? Nionyeshe. Basi la timu limefika?

Si Wilf. Ni Garth. Samahani mwanangu, samahani.

Kanisani msikae sana, mchungaji anapenda kuongea. Jeneza wabebe wa mbele, wa pembeni watalidondosha. Halafu watu waende klabuni, wapewe chai na mikate ya nyama ya nguruwe, asirudi mtu na njaa. Mnilaze kushoto kwa mama yenu Enid, kulia ni kwake. Mungu awashike mikono, Glenda, Garth, awape usingizi mzuri na goti lisilouma, na nyinyi kwa nyinyi mpigiane simu hata kama hamna la kusema. Maji. Kidogo tu, yatosha.

Humu ndani kuna jambo linagombaniwa, nalihisi, ila silijui. Wewe kijana mkubwa unayenishika mkono, niambie wewe. Sema kwa sauti, sikio hili bovu.

Mzee mmoja, unasema. Anataka madaktari wachukue ubongo wake. Wauchunguze, kwa ajili ya wanaocheza sasa. Ana akili mzee huyo. Na wanawe wanasemaje?

Ahaa, binti alikubali. Wa kiume alikataa.

Na sasa?

Anakubali. Umesema anakubali? Ni mtoto mzuri, basi. Mzee mwenyewe ameambiwa? Nenda kamwambie. Nenda sasa hivi, asije akalala bila kujua.