Sauti ya Pili ya Bibi Povu

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, dobi mkuu wa hospitali yetu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Ametufulia kwa miaka thelathini na minne. Faili lake lina jina kamili, lakini kuanzia wodini hadi jikoni anajulikana kama Bibi Povu, naye amelizoea jina hilo la utani kiasi kwamba ukimwita kwa jina la ubatizo hageuki.

Alianza kwa kufua kwa mikono, kwenye masinki mawili ya saruji ambayo bado yapo nyuma ya jengo. Mashine zilipoletwa alizizunguka, akasema zina kelele lakini hazijui wimbo. Tangu hapo kila asubuhi aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili, hata kama hakuna wa kuimba ya kwanza. Mpishi, ambaye jiko lake limepakana na chumba cha kufulia, aliwahi kulalamika: "Bibi, umekosea ubeti wa tatu, nami nimeunguza uji." Akajibiwa, "Ungekuwa unaimba badala ya kusikiliza makosa, uji usingeungua."

Wengi humdhani mcheshi tu. Hawajui kwamba faili lake lina barua moja ya onyo, na kwamba aliitafuta mwenyewe. Mwaka mmoja kipimo cha joto cha boila, mtambo wa kuchemshia nguo, kiliganda, na nguo za chumba cha upasuaji zikapelekwa ghorofani bila kuchemka sawasawa. Zilikuwa nyeupe pe. Hakuna ambaye angejua. Alipogundua, alipanda ngazi mbio kwa miguu yake ile ya kuvimba, akamwambia daktari mbele ya watu wote asizitumie, na kwamba kosa ni lake, hakukagua mara ya pili. Nilimuuliza kwa nini hakuisingizia boila.

"Mdogo wangu," akasema, "nikificha hili, kesho nitamwimbia Mungu kwa mdomo gani?"

Mchana huo aliimba kama kawaida, barua ya onyo ikiwa mfukoni.

Mimi natunza stoo ya nguo, chumba cha pili kutoka kwake. Miaka miwili iliyopita binti yangu alifariki katika wodi namba tano. Shuka alilofunikwa lilikuwa limepigwa pasi pembe hadi pembe, kama Bibi Povu anavyoyafanya mashuka yote ya marehemu. Wenzake humtania kwamba wale hawatalalamika. Yeye hujibu kwamba mtoto anayerudi kwa Baba yake haendi na mikunjo.

Niliporudi kazini baada ya wiki tatu, nilikuta kimya. Mashine zinanguruma, yeye hatoi hata ubeti mmoja. Nikadhani ni uzee. Ilipita miezi mitano ndipo mpishi aliponinong'oneza: Bibi alikuwa amekataza mtu yeyote asiimbe karibu na stoo, kwa sababu wimbo wake wa kila asubuhi ndio tuliomzikia mwanangu.

Kesho yake nilisimama mlangoni kwake na mzigo wa taulo. Nilitaka kumwambia aimbe. Badala yake nikauanzisha mwenyewe wimbo ule, sauti ya kwanza, huku ikinikatika. Hakugeuka. Aliendelea kukunja shuka, na kwenye mstari wa pili akaingia na sauti yake, chini kabisa, kama mtu anayekushikia ncha ya pili ya shuka zito. Tuliimba tukilia hadi mashine ikasimama.

Sasa anakwenda kuishi na dada yake, ambaye amemwahidi kiti chenye mto na amemkataza kugusa beseni. Hatuamini kwamba atatii.

Dada yangu, asante kwa kila shuka, na kwa miezi mitano ya ukimya. Mungu aipumzishe miguu yako na akuachie furaha yako yote. Jumatatu asubuhi nitaanza sauti ya kwanza. Ya pili tutaiacha wazi, ni yako.