Mpe Mgongo, Laptop Itakufuata

Benchi letu lipo Kasulu mjini, ng'ambo ya barabara, mkabala na duka la Hashimu anayeuza simu, redio na laptop za mtumba. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na kila anayeukalia ana jina la hapahapa. Lile la ubatizo amelibakiza kanisani. Ildefonsi tunamwita Mkaguzi, maana kazi yake ya ujana ilikuwa kukagua maharage ghalani: anang'ata punje moja, anakwambia kama gunia zima limekauka. Venanti ni Mnada, dalali wa mbuzi. Nduwayezu ni Jibi, anachajisha simu za watu na kila kitu anakipima kwa GB, hata ugali. Mimi ni Gharibu. Babu yangu alitoka pwani na majora ya nguo, mjukuu nimebaki na birika. Nauza kahawa, siuzi akili, na siku ile ya gulio ndipo nilipojua kipi kati ya hivyo viwili ni adimu zaidi hapa kijiweni.

Asubuhi hiyo Mnada alitoka dukani kwa Hashimu amemshika Kipriani mkono wa shati, anamvusha barabara kama mbuzi mbishi. Kipriani ni mkulima wa Heru Juu, mtu mpole, ndiyo kwanza ametoka kuuza maharage yake. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umo mfukoni, kwenye hela.

Mnada: Mkalisheni hapa! Nimemwokoa. Alikuwa anataka kununua.

Mkaguzi: Kununua nini?

Mnada: Laptop. Na alikuwa anatabasamu!

Mkaguzi: Mbele ya mwenye duka?

Mnada: Meno yote nje.

Jibi: Duh! Mzee baba, hapo ulikuwa unapigwa bei mchana kweupe.

Kipriani: Jamani, mwakeye kwanza, tuamkiane. Laptop yenyewe si yangu. Ni ya Claudine, binti yangu anayesoma uuguzi Kibondo. Ijumaa wanakusanya ripoti za mazoezi, na ya kwake lazima iwe imechapwa. Asipoitoa anarudia mwaka. Rafiki yake aliyekuwa anamwazima amemaliza chuo, ameondoka na ya kwake. Leo anapita hapa kupanda gari la mchana, nimkabidhi aende nayo.

Mkaguzi: Sasa mtoto mwenyewe anataka ya namna gani?

Kipriani: Ndogo tu. Ya kuandikia, kusomea, na kumtumia mwalimu kazi. Na betri iwe inakaa, maana umeme wa kule unakatika. Hashimu anazo mbili. Ile kubwa nyeusi ina taa kwenye vibonyezo, ila ukichomoa waya inazima hapohapo. Ile ndogo ya kijivu amechomoa waya ikaendelea kuwaka. Nimeipenda.

Benchi zima likasonya.

Mnada: Neno hilo usilirudie! Ukisema mnadani umempenda mbuzi, bei inapanda na mbuzi mwenyewe anavimba kichwa. Mimi nimeuza mbuzi tangu hujaota ndevu. Dawa ya mwenye mali ni moja: mpe mgongo. Unamtazama mbuzi, unaguna, unageuka, unakwenda zako kunywa kahawa. Atakufuata mwenyewe, bei mkononi.

Kipriani: Na Hashimu atanifuata?

Mnada: Hashimu ana miguu au hana? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe kaa. Kama ni nzuri, itajiuza yenyewe mpaka hapa.

Nilisikia methali ile ikigeuzwa ndani nje kama gunia, lakini nikammiminia kahawa. Wakamkalisha Kipriani ameligeuzia duka mgongo, na wao wakageuka vilevile, wote, ili Hashimu aone kuwa benchi zima halimtaki. Aliyebaki anatazama dukani ni mimi peke yangu, kwa sababu siwezi kumimina kahawa nikiwa nimeangalia ukuta wa nyuma ya benchi.

Mkaguzi: Haya, tuje kwenye mali. Hiyo ya kijivu uliipima mkononi?

Kipriani: Ego, ndiyo. Nyepesi kabisa.

Mkaguzi: Umeona! Punje nyepesi imeliwa na dumuzi. Laptop ni hivyohivyo, akili ina uzito. Nyepesi ni tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Kipriani: Haikuvuma. Ilikuwa kimya.

Mkaguzi: Basi hata upepo haumo. Uliigonga?

Kipriani: Oya, hapana, sikuigonga.

Mkaguzi: Hukuigonga! Jembe unaligonga usikie mlio, chungu unakigonga, sembuse kitu cha kumtoa mtoto ujinga?

Jibi: Mkaguzi, wewe wa zamani, kaa pembeni. Mzee Kipriani, mambo yote ni GB. Kwenu mko wangapi?

Kipriani: Saba.

Jibi: Ile ya kijivu Hashimu kakwambia ina ngapi?

Kipriani: Nne.

Jibi: Sasa nne mtagawanaje? Watu saba, GB nne, kuna watu watalala njaa humo. Unatakiwa nane. Saba zenu, moja ya mgeni. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?

Kipriani: Lakini anayeitumia ni Claudine peke yake.

Jibi: Leo! Kesho akiolewa je?

Kipriani akanitazama mimi, kama mtu anayetafuta mlango. Nikamwongezea kahawa, sikuwa na kingine cha kumpa. Mnada akamsogelea akashusha sauti, kama kawaida yake anapotaka kuharibu jambo.

Mnada: Niambie. Meno yake umeyaona?

Kipriani: Ya Hashimu?

Mnada: Ya laptop! Mbuzi umri wake unausoma mdomoni. Laptop nayo meno yake ni yale ya kubonyeza. Yalikuwa mazima?

Kipriani: Yote yapo. Moja tu limefutika maandishi, lile la A.

Mnada: Yebaba wee! Imezeeka hiyo. Imetafuna sana mbele huko.

Mkaguzi: Na huko ilikotafuna ndiko kwenye hatari. Hizi mtumba zinatoka Ulaya na maneno ya mwenyewe yamo ndani, yameganda kama ukoko. Mtoto anaandika habari za mgonjwa wa homa, mwalimu anakuja kusoma kesi ya Mzungu aliyekimbiwa na mkewe.

Kipriani: Kweli?

Mkaguzi: Damu nzito kuliko maji.

Hata leo sijui damu ile ilikuwa inatafuta nini kwenye laptop. Jibi naye, akiona amezidiwa, akaenda mbali kuliko wote.

Jibi: Hayo madogo. Pale juu kuna kijicho cha kamera, mzee. Kinakutazama hata ukiwa umeizima. Nina binamu yangu kule Murungu, aliwekewa laptop ya shirika moja mezani. Ikawa inaangalia dirishani. Dirishani kuna nini? Maharage yake! Sasa jiulizeni, wale wanunuzi wa kutoka miji mikubwa wanafikaje hapa tayari wanajua tumevuna kiasi gani, na bei wanakuja nayo mfukoni?

Pale benchini kila mmoja aliwahi kuuza maharage kwa bei iliyokuja mfukoni mwa mtu mwingine. Hilo ndilo jambo la kweli pekee lililogusiwa asubuhi ile, na lawama wakaitupia laptop.

Ndipo nikamwona mama mmoja wa kijiji cha Kitanga, muuza mawese, anaingia kwa Hashimu. Hashimu akanyoosha mkono rafu ya juu.

Mimi: Jamani, Hashimu ana mteja.

Mnada: Wa kupangwa huyo.

Mimi: Wa kupangwa na nani? Namjua, anauza mawese.

Mnada: Ndiyo mbinu yenyewe! Mnadani tunafanya kila siku. Unamleta mtu ajifanye anamtaka mbuzi, ili mnunuzi ashtuke. Kipriani, usigeuke!

Mimi: Ameishika ile ya kijivu.

Mnada: Anaigusa tu.

Mimi: Ameifungua. Anaandika kitu, kidole kimoja kimoja. Anacheka.

Mkaguzi: Hajaipima mkononi?

Mimi: Hajaipima. Anatoa hela.

Jibi: Oyaa, hilo igizo limekolea.

Kipriani akataka kugeuka. Mnada akamshika shingo kwa viganja viwili, taratibu, kama kinyozi, akamrudisha macho mbele.

Mnada: Ukigeuka sasa umekwisha! Hashimu anangoja kitu hichohicho. Mvumilivu hula mbivu.

Mimi: Mzee Kipriani, imeingia kwenye mfuko wake. Mama anatoka nayo.

Mnada: Itarudi kwa mlango wa nyuma.

Mimi: Duka la Hashimu halina mlango wa nyuma!

Mnada: Gharibu, wewe mimina.

Hasira zilinipanda hadi birika likagonga vikombe. Mama yule alipita kando yetu kabisa, mfuko kifuani, akatuamkia kwa heshima. Wote wakamwitikia. Mnada hata alimpisha njia. Kipriani aliutazama ule mfuko mpaka ulipomezwa na watu wa gulioni, akabaki amekaa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa avumilie na yeye ni mtu anayesikia akiambiwa.

Hawakukoma. Walihamia kwenye rangi: Mkaguzi alisema kijivu ni rangi ya ukungu na ukungu ni dalili ya unyevu. Jibi akasema ile nyeusi yenye taa ndiyo ingemfaa binti, maana chanda chema huvikwa pete. Nilikuwa nimebakiza machicha tu chini ya birika pale bodaboda iliposimama na binti mmoja akashuka, begi mgongoni, viatu vina vumbi jekundu la Heru Juu. Ana macho ya baba yake, isipokuwa ya kwake hayashuki chini.

Claudine: Shikamooni.

Benchi: Marahaba, marahaba, mwanetu!

Claudine: Baba, gari linajaza watu stendi. Iko wapi?



Watu waliokuwa wameijua laptop mpaka meno yake, wakajua inachokula na inavyowapeleleza majirani, sasa walitafuta pa kuweka macho. Mkaguzi aliangalia ndani ya kikombe chake. Jibi alitoa simu na kuibonyeza, nayo nilikuwa najua imeisha chaji. Kipriani ndiyo sasa aligeuka. Kwenye rafu ya Hashimu ilibaki ile nyeusi peke yake, taa zake zinawakawaka, waya umechomekwa ukutani. Hashimu alipomwona akatoka mlangoni.

— Mzee Kipriani! Kumbe ulikuwa bado unaitaka? Nilijua umeghairi. Umekaa asubuhi nzima umenipa mgongo!

Claudine akamtazama baba yake, akatutazama mmoja mmoja.

Claudine: Nani alimwambia akae amegeuka?

Mnada aliyekuwa na maneno tangu kunakucha alikohoa.

Mnada: Binti, subira huvuta heri.

Claudine: Mzee wangu, ripoti ni Ijumaa.

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililotuumiza. Kipriani akaingiza mkono mfukoni, ule mkono aliotoka nao dukani asubuhi, akatoa kitambaa alichofungia hela. Hakukifungua. Akamwekea binti kiganjani, akavikunja vidole vya binti juu yake.

Kipriani: Mwana wanje, katafute huko Kibondo. Chagua mwenyewe. Usimuulize mtu.

Claudine: Baba, hicho ndicho nilichokuomba jana. Ukaniambia wanawake hawajui kununua.

Kipriani: Ego. Nilisema.

Claudine: Na nikiikosa?

Kipriani akageukia tena ile rafu ya Hashimu. Binti akamngoja kidogo, kisha akakisukumia kitambaa ndani ya begi, akamgusa baba yake begani, akapanda bodaboda. Tulisikia honi ya gari huko stendi, mara moja, ndefu.

Mnada: Huko Kibondo watampiga, haki ya Mungu.

Jibi: Sana. Ungempa mtu wa kumshauri.

Mkaguzi: Gharibu, ongeza kahawa, jambo hili lizungumzwe.

Nikaliinamisha birika mbele yao wote waone. Machicha yakadondoka mavumbini. Siku nyingine ningewasha mkaa upya, na ukweli ni kwamba kadiri wanavyobishana ndivyo ninavyouza. Siku ile nilisema kahawa imekwisha, na nikafurahi kusema.

Kipriani akaweka kikombe kwenye ubao, kimejaa bado, kimepoa. Hakutuaga. Akatupa mgongo, akashika njia ya Heru Juu kwa miguu.

Jibi: Tumwite?

Mnada: Msimwite! Atageuka mwenyewe tu.

Tukakaa tunamtazama. Akapita gulio, akapita pale wanapofunga mbuzi, akawa mdogo barabarani, na hakugeuka.