Mama Simama Anavuka Barabara

Ijumaa hii, siku ya kufunga shule, Mama Simama anastaafu baada ya kutumika miaka ishirini na tisa na miezi minne. Barua yake ya kustaafu inamtaja kama Mhudumu Daraja la Tatu, Usafi. Neno barabara halimo. Sisi wa Kamati ya Kivuko cha shule tumeona si vibaya kuliongeza hapa.

Aliajiriwa kufagia ofisi. Katika wiki yake ya tatu, asubuhi, pikapu ilimgonga mtoto wa darasa la pili mbele ya lango. Mtoto yule hakurudi shuleni. Kesho yake Mama Simama alitoka na fagio lake refu, akasimama katikati ya barabara, akalinyoosha, na magari yakasimama. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwandikia barua ya onyo kwa kuondoka kwenye kituo cha kazi. Mwaka uliofuata alimwandikia barua ya pongezi kwa jambo hilohilo. Barua zote mbili zimo kwenye faili lake, zimefuatana, na saini ni moja.

Fagio lilidumu miaka miwili. Kisha seremala wa shule alimtengenezea kibao cha mviringo chenye neno SIMAMA, na jina likamganda. Jina lake halisi linatumika kwenye fomu za likizo tu. Mume wake anasema hata nyumbani hujikuta amesimama bila kujua kosa lake.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni Daftari la Nusura. Aliona kwamba kila ofisi inaandika waliogongwa, na hakuna anayeandika walioponea chupuchupu. Basi akachora mistari: tarehe, saa, hali ya hewa, aina ya chombo, kilichotokea. Namba ya gari haandiki. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba ukiandika namba mtu anakuja kugombana, usipoiandika anakuja mwenyewe kusoma. Daftari likafungwa kamba na kuning'inizwa langoni.

Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa lori la mchanga, miaka kumi na mitano iliyopita. Alikuwa amesikia kwamba kuna mstari unaosema: lori la bluu, saa moja na dakika ishirini, dereva ana simu sikioni. Alikuja amefura. Alisema ule ni uzushi mtupu, kwani yeye alipita pale saa moja na dakika kumi na nane. Mama Simama alimshukuru, akafuta dakika mbili, akamwomba atie saini, kisha akamvutia kiti. Dereva huyo ndiye makamu mwenyekiti wa kamati yetu hadi leo.

Baadaye akaja askari wa trafiki kumweleza kwamba kusimamisha magari si kazi ya mfagizi. Alibaki nusu saa akimrekebisha namna ya kushika kibao. Nesi wa wodi ya majeruhi alikuja kwa hiari. Alikuwa akiwapokea watu wakiwa wameshavunjika, akataka kuona wanavunjikia wapi. Mama Simama na hao watatu, pamoja na mwalimu wa zamu, ndio walioiandikia ofisi ya barabara barua tisa hadi likajengwa tuta pana lenye michoro ya kivuko, miaka kumi na moja iliyopita. Mwaka wa mwisho kabla ya tuta, daftari lilikuwa na nusura mia mbili na kumi na mbili. Mwaka uliofuata zilikuwa tisa.

Wageni wa mkutano wa kimataifa wa usalama barabarani walifika kutazama. Mmoja aliuliza ni mtambo gani unaotumika. Mama Simama alimwonyesha kalamu. Sasa shule za nchi tatu zina daftari kama lile, na kila mwaka zinatutumia nakala. Lugha zao hatuzisomi, lakini safu ya saa tunaielewa vizuri: huko nako watoto wanakoswakoswa asubuhi.

Mwaka huu tulikaribia kupoteza kila kitu. Barabara inapanuliwa, na kwenye mchoro mpya tuta halikuwepo. Injinia wa ofisi ya barabara alieleza kwenye kikao cha kamati, kwa upole, kwamba kumbukumbu zinaonyesha hakuna aliyeumia hapa kwa miaka kumi na moja, hivyo mahali hapa hapana tatizo. Dereva wa lori ndiye aliyemjibu: "Injinia, ndugu yangu, mimi hapo nasimama kwa sababu ya tuta. Usidhani nimeokoka." Maneno hayo yamo kwenye kumbukumbu za kikao kama yalivyo. Mwandishi wa kikao, ambaye ni mwanafunzi na ndiye anayeandika haya, hakujua namna nyingine ya kuyaweka.

Mama Simama hakubishana. Alimwomba Injinia aje asubuhi moja aone mwenyewe.

Injinia alikuja, akapita tuta, akasogea hatua hamsini mbele, mahali pasipo na kitu, akaanza kuvuka huku amekunjua mchoro usoni. Pikipiki ilitokea kulia. Mama Simama, aliyekuwa akimfuata nyuma, alimvuta kwa ukosi wa shati, akamrudisha pembeni, akamwuliza kama yuko salama, kisha akatoa kalamu. Injinia aliomba kazi yake isitajwe. Ikaandikwa: mwanamume, shati la kijani, ana karatasi kubwa, hakutazama kulia. Ametia saini. Wiki mbili baadaye barua ilifika. Tuta linabaki, na njia ya waenda kwa miguu itaongezwa.

Nafasi ya Mama Simama haijajazwa, tumeambiwa inashughulikiwa. Kwa sasa kibao kitashikwa kwa zamu na wanakamati. Injinia amechukua Jumatano.

Limebaki jambo moja. Nyumba ya Mama Simama iko upande wa shule, sokoni ni upande huuhuu, na zahanati vilevile. Kwa hesabu yetu amefika katikati ya barabara hii zaidi ya mara laki moja, na kila mara amegeuka na kurudi. Upande wa pili hajawahi kufika. Kwa hiyo Ijumaa saa saba na nusu, baada ya hotuba, dereva wa lori atashika kibao, askari atasimama mkono wake wa kushoto, na Mama Simama atavuka. Wenye magari tunawaomba subira.

Mama yetu, asante kwa wote ambao hawakuandikwa hospitalini. Tunakuombea asubuhi za kuamka utakapo na chai ya kunywa ukiwa umekaa. Ukifika ng'ambo, pumzika kidogo. Ukitaka kurudi, nyoosha mkono tu. Tutakuwa tumesimama.