Macho Nyekundu Siku ya Mahari

ANNETTE: Haloo? Ni nani anaongea?

OSÉE: Yaya Annette, ni miye, Osée. Nasema pole pole, niko ndani ya toilette ya Papa Lambert.

ANNETTE: Baba ya Falonne? Si leo ndiyo mahari?

OSÉE: Ndiyo leo. Donc, yaya, weye ni infirmière, unauguza watu, nisaidie. Macho yangu iko nyekundu kama pilipili.

ANNETTE: Umekunywa?

OSÉE: Hata tone. Ni ile dawa ya kufanya macho meupe. Papa Lambert ni katekista, anachunguliaka macho ya mutu. Akiona nyekundu, anasema mulevi, binti hatoki. Bon, nikaweka—

ANNETTE: Siku ngapi?

OSÉE: Kumi na mbili.

ANNETTE: Osée. Ile ni siku mbili, tatu, basi. Inakaza mishipa ya macho. Nguvu ikiisha, mishipa inavimba kupita vile ilikuwa.

OSÉE: Niliona hivyo, nikaongeza.

ANNETTE: Acha leo. Haloo?

OSÉE: [réseau inakwaruza] ...na délégation nao, wale wamenisindikiza.

ANNETTE: Nao nini?

OSÉE: Tulipitisha chupa, wiki muzima, kila répétition ya kujizoeza mambo ya mahari. Ilifaa tufanane. Sasa tunafanana, wote sita.

ANNETTE: Chupa moja? Inagusa jicho ya huyu, inaenda ku ya yule? Munaambukizana.

OSÉE: Tonton Hubert hakuikuta ile chupa, leo akaweka dawa yake ya pua.

ANNETTE: Ku macho? Ya pua haiingiaki ku macho. Na Tonton iko na tension, presha ya damu, hata ku pua ilifaa aulize munganga. Anaona?

OSÉE: Anaona. Ila amesalimia kabati.

ANNETTE: Mumuoshe na maji safi, mingi, kisha hospitali. Sasa hivi.

OSÉE: Ni yeye porte-parole, wa kutusemea. Akitoka, nani ataniombea Falonne? Yaya, namupenda. Naogopa kumukosa.

ANNETTE: Omba mwenyewe. Sema ukweli.

OSÉE: Mwanaume mwenye kujitia dawa ya macho kama— ngoja. [mulango unagongwa] Ni Papa Lambert, ku mulango. Amesikia yote.

ANNETTE: Anasema nini?

OSÉE: Tonton wanamuosha, pikipiki inamungoja kumupeleka hospitali. Na anasema... kumbe si walevi, ni wajinga. Eti binti yake anaweza kumupa mujinga.

ANNETTE: Mungu asifiwe.

OSÉE: Alors, anauliza. Ile dawa ya pua, yeye mwenyewe anaitumia miaka mbili. Bila ile hapumui. Ataachaje?

ANNETTE: Miaka mbili? Amuone munganga. Watamuachisha tundu moja ya pua kwanza, ikifunguka, ya pili.

OSÉE: Unité ya simu inaisha. Anasema ukimufuatilia mpaka aache, atapunguza mbuzi ku liste ya mahari.

ANNETTE: Mbuzi ngapi?

OSÉE: Tundu moja, mbuzi mo— [simu inakatika]