Paka-mwitu Aitwaye Mpigie Nadine

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa la Opal, na kama kuna mtu Montana nzima anasema ana benchi lenye akili kuliko hili, aje anitazame usoni aseme. Mimi ndiye Delmar Kittredge. Wananiita Kanoni, kwa sababu nilishawahi kumlenga elki mmoja, yule kulungu mkubwa wa milimani, wakaanguka watatu, na wa nne akaondoka anachechemea kwa woga tu. Asubuhi hiyo theluji ilishashuka nusu ya mlima, msimu wa kuwinda umebaki siku nane, na mimi nimekuja na kifurushi nilichokingoja miezi saba. Walikuwepo Nusu Kidole, aliyekereza vyuma kiwandani miaka thelathini mpaka mashine ikamwonja kidole, na Askofu, ambaye kanisani hajaingia tangu harusi yake ila kuhukumu watu anapenda kama kahawa. Opal mwenyewe alikuwa mlangoni na birika lake la bluu.

Nikafungua kifurushi. Kikatoka chuma chembamba, kirefu kama kalamu, kina meno sita makali kinang'aa. Hicho ndicho cha kuchongea chumba cha risasi ndani ya mtutu. Dukani hukipati, maana na risasi yenyewe dukani haipo. Risasi ya kujitungia mwenyewe sisi tunaiita paka-mwitu. Unachukua ganda la risasi la kiwandani, unalibana shingo, unalisukuma bega, mpaka linakuwa kitu ambacho dunia haijakiona. Halafu unamtumia fundi maganda matatu, mchoro na fomu, naye anakuchongea chuma chako.

Nusu Kidole: Lete hapa nikione. Aisee! Huyu fundi ana mikono.

Mimi: Mikono yake, kichwa changu. Mchoro nilioupeleka malaika angeutundika sebuleni.

Nusu Kidole: Na hapa kwenye shina ameandika nini?

Mimi: Kipimo na jina la risasi. "25 Ngurumo ya Kittredge." Tulibishana hapahapa majira yote ya baridi, umeshasahau?

Nusu Kidole: Sio hivyo bwana.

Askofu: Soma basi, we mzee, unatuweka roho juu!

Nusu Kidole akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nusu Kidole: "25 Mpigie Nadine." Na namba ya simu mbele yake.

Opal akaacha kumimina. Nadine ni mke wangu. Yuko Spokane kwa dada yake.

Askofu: Kanoni, risasi umeipa jina la mke aliyekukimbia?

Mimi: Nani kakimbiwa? Amekwenda kumwona dada yake.

Askofu: Miaka miwili! Huyo dada ana urefu gani hata hajamaliza kumwona?

Mimi: Fundi kakosea. Nitamwandikia barua moja tu, atafunga karakana.

Opal: Na boksi nalo kakosea? Limeandikwa hapa, "Kwa Bwana Ngurumo ya Kittredge."

Wakacheka hao, wakacheka mpaka njiwa wa paa la benki wakahama.

Nusu Kidole: Umechanganya mistari ya fomu! Pa jina la risasi umejaza mtu wa kupigiwa simu, pa jina lako umejaza risasi!

Mimi: Mistari yenyewe ilikuwa myembamba kama miguu ya mbu. Na mimi shule niliiacha darasa la sita, ilikuwa inanichelewesha.

Opal: Na fundi asishtuke?

Nusu Kidole: Ashtuke nini, mama? Watu wa paka-mwitu wote vichaa. Mimi nimeshaona moja inaitwa "Mama Mkwe Kimya."

Askofu: Sikilizeni, hapa kuna mchezo. Huyo fundi alipiga hiyo namba. Akasikia sauti ya Nadine. Sasa hivi wanakunywa wote chai ya asubuhi Spokane, na hicho chuma ni salamu za dharau.

Mimi: Acha kamba zako.

Nusu Kidole: Futa, andika upya. Ila chuma hiki kimekomazwa kwa moto, hakifutiki kwa mchezo. Na mtutu nao lazima uandikwe risasi yake, asije mtu akatia nyingine ikampasukia usoni. Kwa hiyo bunduki yako itasomeka "Mpigie Nadine" mpaka kiyama.

Askofu: Ndiyo! Na wajukuu wataikuta darini. Watasema Nadine alikuwa jenerali, ukiishiwa risasi unampigia yeye. Watamjengea sanamu. Tena watu wa Alaska watasikia sifa za hiyo risasi, wataanza kupiga. Simu ya dada yake Nadine itaita mchana kutwa: halo, jenerali yupo?

Hata mimi nikacheka kidogo. Opal hakucheka. Akanijazia kikombe bila kuniuliza.

Opal: Delmar, wewe nyumbani una simu. Namba ya Nadine uliiandikia nini?

Nikanywa kahawa. Ilikuwa ya moto, nikanywa hivyohivyo.

Mimi: Fomu iliuliza, fundi akiwa na swali ampigie nani. Nikajisemea, akipigiwa Nadine, vipimo hajui. Itabidi anipigie mimi aniulize.

Askofu: Wee! Ulimtega!

Mimi: Nilimwachia mlango wazi, ndugu yangu. Sio mtego huo.

Opal: Sasa fundi hakupiga?

Mimi: Mchoro ulikuwa safi mno. Hakuwa na swali hata moja.

Mimi kazi zangu nimezisifu maisha yangu yote, na hiyo ndiyo ya kwanza iliyotoka kama nilivyoisifu. Na ndipo nilipohitaji kosa dogo.

Nusu Kidole: Kwani nini kilitokea kati yenu? Hujawahi kutuambia.

Nikawaambia. Farasi alimwangukia Nadine begani, hilo mji mzima unalijua. Alipopona, bunduki yake ya zamani kila ikilia ikawa inampiga teke begani kuliko yule farasi, akaiweka chini, asipande tena na sisi mlimani. Nikaapa nitamtungia risasi inayovuka korongo zima, lakini ikirudi nyuma iwe kama paka anajisugua kwako. Nikaingia gereji. Miaka mitatu. Ananiita chakula, nasema nakuja. Ananiita kulala, nasema nakuja. Siku moja akasimama mlangoni na sanduku lake, akasema, "Delmar, bega la hilo ganda unalijua kuliko langu." Nikasema nakuja. Nilipotoka gari lilishafika daraja la mto.

Askofu: Na hukumwambia kwamba ni yake?

Mimi: Nilitaka niimalize kwanza.

Hapo ndipo lori la majani makavu lilipoegesha. Akashuka mama mmoja, dereva, hatumjui, anataka minyororo ya matairi kwa ajili ya theluji ya juu. Opal akamwambia inakuja, chukua kahawa kwanza. Akakaa pembeni yangu. Akakiona kile chuma kwenye paja la Nusu Kidole.

Dereva: Cha seremala hicho?

Nusu Kidole: Cha bunduki, mama. Shika, usikiangushe.

Akakigeuzageuza kwenye jua, akasoma taratibu, midomo inacheza. "Mpigie Nadine." Akasoma na namba, yote. Akanirudishia mimi, sijui alijuaje.

Dereva: Haya. Nadine alisemaje?

Nusu Kidole akaanza kukikuna kidole asichokuwa nacho. Askofu, ambaye hata ukimwuliza kama mwezi una kutu ana jibu, akatazama ndani ya kikombe chake. Opal akainamisha birika, likatoa masimbi ya kahawa na tone moja.

Opal: Kahawa imekwisha. Na simu iko palepale ukutani, Delmar, nyuma ya misumari.

Nikaingia. Nilikishika kile chuma mbele ya macho kama mtu anayesoma namba, ingawa ile namba naijua hata nikiwa usingizini. Ikaita mara moja. Nikajipanga: nitamwambia kuna risasi dunia haijaiona, nitamwambia inavuka korongo, mbili, tatu, nitamwambia fundi alilia alipouona mchoro. Ikaita tena.

— Halo?

Sauti ileile. Yote niliyoyapanga yakanitoka.

— Nadine, nikasema. Bega linaendeleaje?